Chuma, mbao au tofali: stendi ipi ibebe tangi kubwa la samaki nyumbani Dodoma?

Tuanze na uzito, maana bila huo ulinganisho wowote ni porojo. Chukua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 150, upana 60 na kimo 60. Ukiacha sentimita 5 juu na kutandika kokoto za sentimita 5 chini, maji na kokoto ni kama kilo 540. Kioo cha milimita 12 kina kilo 30 kwa kila mita ya mraba, na tangi hili linakula mita za mraba 3.4 hivi, kwa hiyo ongeza kilo 100. Weka mawe mawili matatu, kichujio na taa. Umefika kilo 650 kabla hujahesabu stendi yenyewe.

Ukimpelekea fundi hesabu hiyo, iwe ni mchomeleaji wa Majengo au seremala wa Chang'ombe, jibu ni lile lile: "Ondoa shaka bosi, hapa hata ng'ombe wawili wanasimama." Na mara nyingi fundi anasema kweli. Stendi nyingi zinazotengenezwa hapa mjini hazivunjiki. Shida ni kwamba ng'ombe akisimama kwenye ubao uliobonyea hupanga miguu yake upya, kioo hakina uwezo huo. Tangi lina vioo vitano vilivyounganishwa kwa silikoni, na maji ya kimo cha sentimita 55 tayari yanakisukuma kioo cha mbele kuelekea nje kwa nguvu ya zaidi ya kilo 220. Juu ya msukumo huo, stendi ikiongeza kujipinda, kona moja ikashuka milimita chache wakati nyingine tatu zimebaki juu, mzigo unahamia kwenye maungio na kwenye kingo za kioo cha chini. Huko ndiko nyufa huanzia.

Kwa hiyo ninapolinganisha stendi naangalia mambo matatu: juu yake ni bapa kiasi gani na itabaki hivyo kwa muda gani, inayumba kiasi gani ukiisukuma kwa ubavu, na mzigo wake unashukaje sakafuni. Nguvu ya kubeba inakuja baadaye, na karibu kila mara ipo.

Stendi ya chuma

Ndiyo chaguo la wengi Dodoma na sababu zinaeleweka. Wachomeleaji wako kila mtaa, kazi inaisha kwa siku moja au mbili, na ukihama kutoka Nzuguni kwenda Ilazo unaipakia kwenye Kirikuu na maisha yanaendelea. Kwa mtumishi anayeishi nyumba ya kupanga, hilo la mwisho si dogo.

Udhaifu wake uko mahali ambapo watu hawatazami. Mafundi wengi hutumia paipu ya mraba ya milimita 40 kwa 40, unene milimita 2, miguu minne, moja kila kona. Piga hesabu ya kawaida ya boriti iliyolala juu ya nguzo mbili: kila boriti ndefu inabeba kama kilo 325 kwenye mita 1.5, na katikati inashuka karibu sentimita moja. Haikatiki, wala haikaribii kukatika. Inafanya tumbo tu. Kuchomelea kona kunapunguza tumbo hilo kidogo, lakini halimaliziki. Tangi nalo halipindi kirahisi, hivyo linabaki limeegemea ncha mbili na katikati pako wazi. Weka miguu miwili zaidi katikati, mmoja mbele na mmoja nyuma, na ile sentimita inakuwa chini ya milimita moja. Hakuna pesa nyingine utakayotumia kwenye stendi ya chuma itakayokulipa hivyo. Fundi akikuambia miguu sita inaharibu sura, mwambie ataifunika na mlango wa kabati.

Hakikisha pia unene. Paipu nyembamba za milimita 1 na kidogo, zile za kutengenezea grili na vitanda, kwa nje zinafanana kabisa na za milimita 2. Tazama ncha iliyokatwa kabla haijachomelewa, ndipo ukweli unapoonekana.

Halafu kuna moto wa kuchomelea. Chuma kikipoa kinavuta, fremu iliyokuwa bapa mezani inanyanyua kona moja. Kabla ya kulipa, laza juu ya fremu rula ndefu ya aluminiamu ile ya mafundi plasta, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, kisha kwa mshazari kona hadi kona, mara mbili. Jaribu kupitisha kadi ya benki chini ya rula. Kadi ina unene wa robo tatu ya milimita hivi. Ikipita kwa raha, irudishwe kwenye grinda au inyooshwe. Pitisha na kiganja kwenye kila kona: mara nyingi utakuta kidonge cha welding kimebaki juu, kidogo kama punje ya uwele, na fundi ameshakipaka rangi. Juu ya kidonge hicho ndipo kioo kitakapokaa. Kisagwe hadi kiganja kisikisikie.

Dhidi ya kuyumba, dai flati baa mbili za mshazari mgongoni, au paipu ya kuunganisha miguu sentimita 10 juu ya sakafu pande zote. Fremu ya miguu mitupu bila kiungo cha chini inacheza, hata kama chuma chake ni kinene. Rangi: redi oksaidi kwanza, kisha rangi ya mafuta, na ndani ya paipu pazibwe kwa vifuniko. Hewa ya Dodoma ni kavu na chuma kinachelewa kushika kutu ukilinganisha na Dar, lakini tangi hudondosha maji kila wiki unapobadilisha, na maji yetu yana chumvi. Utaona michirizi meupe kwenye miguu. Ikifutwa mapema haina madhara.

Stendi ya mbao

Hapa wengi hushangaa. Mbao ya paini ya mbili kwa nne (inchi), ikisimamishwa kwa ubavu, haibonyei kama ile paipu ya 40 kwa 40. Kwenye mzigo ule ule na urefu ule ule, inashuka karibu nusu ya chuma. Mbao ya mbili kwa sita kwa ubavu inashuka milimita moja na nusu hivi, bila mguu wa katikati. Lakini ilaze mbili kwa nne kwa upana wake, kama maseremala wengi wanavyofanya ili ipendeze, na unapoteza robo tatu ya ugumu huo. Kinachobeba ni kimo cha mbao, si wingi wake.

Kwa hiyo kwa ubapa wa siku ya kwanza, mbao iliyopangwa vizuri inaishinda stendi ya chuma ya miguu minne, tena seremala anaweza kuilanda juu hadi ikae sawasawa, jambo ambalo mchomeleaji hawezi kulifanya kirahisi. Swali ni siku ya mia mbili.

Mbao nyingi za paini zinazofika hapa zinatoka upande wa Mafinga, kwenye mashamba ya Sao Hill, kule kwenye ubaridi na ukungu. Zinashushwa Dodoma, mji wenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na kiangazi cha upepo mkavu kinachomaliza miezi mingine yote. Mbao iliyonunuliwa ikiwa bado mbichi inaendelea kukauka ukiwa umeshaigongomea. Inasinyaa, inajikunja, na miguu minne iliyokuwa inagusa sakafu inabaki mitatu. Dawa ni subira: nunua mapema, zipange kivulini zikiwa na vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite, ziache wiki kadhaa, kisha ondoa zilizojikunja kabla ya kukata. Mninga hauna usumbufu huo kwa kiwango kile. Ni mti unaosinyaa kidogo sana ukikauka na ndiyo maana maseremala wanaupenda kwa milango. Bei yake ni nyingine. Kama unayo pesa ya mninga, hakuna stendi nzuri kuliko hiyo kwa macho na kwa kazi.

Kanuni moja ya useremala wa tangi, ambayo ningeirudia hadi seremala achoke: mbao ikae juu ya mbao. Boriti ya juu ilale juu ya kichwa cha mguu, mguu ushuke mpaka sakafuni bila kukatwa. Skrubu na gundi ni za kuzuia visiachane, si za kubeba. Stendi nyingi za seremala wa vitanda zina boriti iliyobanwa ubavuni mwa mguu kwa misumari minne. Kilo 160 za kila kona zinaning'inia kwenye misumari hiyo. Kitanda kinavumilia, maana mtu huamka asubuhi. Tangi haliamki.

Kwa kuyumba, mbao ina jibu zuri kuliko chuma: pigilia plaiwudi ya milimita 12 mgongo mzima, na kipande kingine kila ubavu. Stendi inakuwa boksi na haichezi tena. Juu weka maraini bodi ya milimita 18, kisha paka vanishi kote, hasa kwenye ncha zilizokatwa na chini ya miguu ambako maji hujificha. Mchwa pia usimsahau. Dodoma anao wa kutosha, na kona ya nyuma ya tangi, yenye giza na unyevu, ni mahali pake hasa. Chukua mbao zilizotiwa dawa au zipake mwenyewe.

Tofali za bloku

Kwa uthabiti mtupu, hakuna kinachoikaribia. Tofali la inchi 6 lina kilo karibu 30. Ukishalijenga halina habari ya kuyumba, kutu wala mchwa. Kozi tatu zinakupa kimo cha sentimita 70 na kidogo, ambacho ni kimo kizuri cha kutazama samaki ukiwa umekaa kwenye kochi.

Usijenge nguzo mbili tu kwenye ncha, maana utarudi kwenye tatizo la tumbo. Jenga kuta fupi tatu zilizofungwa na ukuta wa nyuma, umbo la herufi E, kisha mimina juu yake bamba la zege lenye nondo. Fundi apige levo wakati zege bado bichi. Mwagilia siku 7 bila kuruka. Upepo wa hapa unakausha saruji kabla haijashika, na zege lililokauka vibaya hupasuka juu. Subiri siku 28 kabla ya kuweka tangi. Watu huishia kusubiri 10.

Ubaya wake unajulikana. Mwenye nyumba hatakubali, na akikubali utaiacha. Haina pa kuficha kichujio kwa unadhifu. Na inaongeza mamia ya kilo sakafuni. Kwa aliyejenga kwake Msalato au Iyumbu, sakafu iko juu ya ardhi na hana mpango wa kuhama, ningesema ajenge na asahau. Kwa mwingine yeyote, hapana.

Makabati ya dukani

Nitapita haraka. Kabati la televisheni la MDF au chipubodi, yaani mbao za unga au chembe za mti zilizogandamizwa kwa gundi, halikutengenezwa kwa ajili ya kilo 650, wala kwa ajili ya maji. Likilowa kwenye ukingo linavimba na halirudi. Kwa tangi la lita 60 linaweza kuvumilia. Kwa tangi tunaloliongelea usijaribu hata likiwa jipya na zuri. Makabati yaliyouzwa pamoja na tangi lake kutoka kiwandani ni habari nyingine, mradi tangi ni lile lile lililokuja nalo.

Kati ya kioo na stendi

Hapa kuna kosa linalorudiwa na watu wenye nia njema. Ile foamu nyeupe ngumu inayokuja kwenye katoni za friji, ikatwe shiti moja bapa ya milimita 10, inafaa sana chini ya tangi ambalo kioo chake cha chini kinagusa stendi moja kwa moja. Inameza vichuguu vidogo vya milimita moja au mbili na punje za mchanga. Mkeka wa mazoezi nao unafaa. Lakini kama tangi lako lina fremu ya plastiki kuzunguka chini, na kioo cha chini kimeinuliwa kidogo hakigusi meza, usiweke foamu. Fremu ndiyo inayobeba, foamu itabonyea pembeni na kukisukuma kioo cha katikati kwenda juu. Matangi yanayogundishwa na mafundi wa hapa karibu yote ni ya aina ya kwanza. Yaliyoagizwa nje, geuza utazame.

Foamu ya godoro, vipande vya kadibodi na zulia lililokunjwa, vyote hapana. Na kamwe usichomeke kabari kati ya tangi na stendi ili kulinyanyua upande. Kabari inaingia chini ya mguu wa stendi, tangi likiwa tupu.

Sakafu, ambayo watu huisahau

Stendi ya miguu minne inashusha zaidi ya kilo 160 kwenye kila mguu. Mguu wa paipu ya milimita 40 unakanyaga eneo la sentimita za mraba 16, hivyo ni kilo 10 na kidogo kwa kila sentimita ya mraba. Marumaru iliyobandikwa vizuri inabeba hilo. Iliyobandikwa kwa madonge matano ya saruji ina uwazi chini, na ukiigonga kwa rungu la mbao inalia tupu. Gonga kila marumaru utakayoweka mguu. Chomelea bamba la sentimita 10 kwa 10 chini ya kila mguu na shinikizo linashuka mara sita. Stendi ya mbao yenye fremu ya chini inayozunguka yote, na ile ya tofali, hazina shida hii.

Ghorofani ni jambo jingine kabisa. Sakafu za makazi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, na tangi letu linaweka zaidi ya 700. Sakafu haiporomoki siku hiyo, kwa sababu uzito uko sehemu moja na chumba kilichobaki hakijajaa, ila liweke likiwa limeegemea ukuta unaobeba, karibu na boriti, na muulize mhandisi wa jengo kabla ya kununua kioo.

Na kuna udongo. Baadhi ya maeneo ya Dodoma yana udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Nyumba iliyokaa juu yake husogea kidogo kila msimu, na utaiona kwenye nyufa za mshazari kwenye kona za madirisha. Katika nyumba ya namna hiyo stendi ya chuma yenye boliti za kurekebisha chini ya miguu inashinda zote. Tofali, hodari wetu wa uthabiti, hapo inakuwa ya mwisho, kwa sababu sakafu ikiinama inainama nayo na hakuna cha kuzungusha. Boliti hizo zina faida nyingine pia: mkoa huu uko kwenye mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa na mitetemeko midogo si mgeni hapa, hasa ukielekea Kondoa. Ukishasawazisha, funga stendi ukutani kwa engo mbili na fisha, zile plagi za plastiki za kushikia skrubu ukutani.

Uchaguzi wangu

Mpangaji mwenye tangi la zaidi ya lita 200: chuma, miguu sita, bamba chini ya kila mguu, boliti za kurekebisha. Mwenye nyumba yake anayependa kitu kizuri sebuleni: mbao, mninga akiweza, paini iliyokaushwa akishindwa. Mwenye tangi linalozidi lita 700 juu ya ardhi isiyosogea: tofali. Nikilazimishwa kuchagua moja kwa mji mzima, ni chuma, kwa sababu makosa yake yanaonekana kwa rula na kadi ya benki kabla hujalipa, wakati kosa la mbao mbichi linajitokeza miezi baadaye tangi likiwa limejaa samaki.

Chochote utakachochagua, kipime kwa maji yenyewe. Laza pimamaji kwenye stendi tupu, kisha kwenye tangi tupu. Kama pimamaji ni fupi, tumia mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule bomba jembamba linalopitisha mwanga, toka kona hii hadi ile. Jaza robo, simama, pima kwa futi kamba kutoka ukingo wa juu hadi usawa wa maji kwenye kona zote nne. Jaza nusu, rudia. Tofauti ya milimita 3 kati ya ncha na ncha, tangi likiwa limeinama sawia upande mmoja, hainikoseshi usingizi. Kona moja peke yake ikitofautiana na tatu nyingine, hata kwa milimita 2, hapo stendi inajipinda: fyonza maji yote, shusha tangi, rekebisha chini. Usisogeze wala usinyanyue upande wa tangi lenye maji, hata nusu, hata mkiwa vijana sita.

Likishajaa liache siku mbili bila samaki na upime tena. Kisha andika vipimo vya kona nne kwa kalamu kwenye kipande cha gundi ya karatasi, kibandike mgongoni mwa stendi pamoja na tarehe, na uvilinganishe Januari mvua zikikolea, halafu tena Septemba ardhi ikiwa imekauka kabisa.